Ufuo Mtulivu Haujilindi Wenyewe

Wengi wetu tunaamini kuwa ufuo wa bahari usio na umati wa watu, muziki wala vibanda vya chipsi ni ufuo uliolala njaa. Mtu akikwambia amekwenda pwani na hakuona ila mchanga, maji na upepo, unamwonea huruma na kumwambia, "Pole, kumbe hukuona kitu." Mimi nasema aliona kitu, tena kikubwa. Nasema utulivu wa ufuo si upungufu bali ni kazi ya mikono ya watu, na wanaoifanya kazi hiyo wana funzo kwetu sisi wa shule hii, hata wale ambao hawajawahi kuiona bahari kwa macho yao. Msomaji mpenzi, nisikilize hadi mwisho ndipo unipinge.

Likizo ya Aprili nilipata bahati ya kumtembelea mama mdogo, ambaye ni muuguzi huko Uholanzi. Yeye hakai Amsterdam wala Rotterdam, miji tunayoisikia katika habari za kandanda. Anakaa Zierikzee, mji mdogo katika kisiwa cha Schouwen-Duiveland, jimbo la Zeeland, kusini magharibi mwa nchi ile. Jina Zeeland maana yake ni nchi ya bahari, na kwa hakika jina hilo halikutolewa bure. Siku moja tulipanda basi hadi Burgh-Haamstede, kisha tukaendelea kwa miguu kuelekea ufuo wa Westenschouwen. Kwanza unapita msitu wa misonobari. Halafu unapanda vilima vya mchanga, virefu, vimefunikwa nyasi za rangi ya majivu. Ukifika juu, bahari inakutokea ghafla.

Nisiwadanganye, jamani. Ile si bahari ya Diani. Maji yake ni ya kijivu, upepo unakata masikio, na maji niliyoyatia kidole yalikuwa baridi kama yaliyotoka kwenye friji. Hakuna mnazi hata mmoja. Lakini mchanga! Ulikuwa mpana, umenyooka kulia na kushoto hadi macho yanachoka. Niliona mzee na mbwa wake, mama na watoto wawili wakiokota makombe, na watu wengine wachache kwa mbali kama nukta. Hakukuwa na hoteli juu ya mchanga. Hakukuwa na ukuta wa mtu. Sikuona hata karatasi ya peremende. Uliosikika ni upepo, na ndege wa baharini wakigombana.

Kando ya njia kulikuwa na waya mwembamba na kibao kilichosema watu wasiondoke njiani. Waya wenyewe mtoto mdogo angeweza kuuruka. Hapo ndipo mama mdogo alipozinyoshea kidole zile nyasi na kuniambia:

"Mwanangu, hizo hazikanyagwi. Huo ndio ukuta wa nyumba yangu."

"Ukuta gani, mama? Si nyumba iko Zierikzee?"

"Ndiyo. Na baina ya bahari na Zierikzee kuna nini?"

Nikatazama nyuma. Ardhi ya kisiwa kile imelala chini kama sinia. Karibu robo ya nchi ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Ukiondoa vilima vya mchanga na matuta ya udongo yaliyojengwa na watu, maji ya chumvi yanaingia mashambani, yanaingia sebuleni. Basi nyasi zile, ambazo wao huziita helm, si pambo. Upepo unapopuliza mchanga kutoka ufuoni, majani yake hupunguza kasi ya upepo na mchanga huanguka papo hapo. Mmea ukianza kuzikwa, huota juu zaidi, na mizizi yake huendelea kuushika mchanga ulioko chini. Hivyo kilima hukua chenyewe, mwaka hadi mwaka. Lakini zikikanyagwa na mmoja leo, na wawili kesho, na darasa zima keshokutwa, zinakufa. Upepo unapata kishimo, unakichimba, na kishimo kinakuwa mlango. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Waholanzi hawaijui methali hiyo kwa Kiswahili, ila wanaijua kwa machungu.

Machungu yenyewe ni haya. Usiku wa Jumamosi tarehe 31 Januari kuamkia Jumapili tarehe 1 Februari 1953, dhoruba kali kutoka kaskazini magharibi iliyasukuma maji ya Bahari ya Kaskazini kuelekea Zeeland. Kwa bahati mbaya ilikuwa wakati wa bamvua, na ninyi wenzetu wa Lamu na Kwale mnajua bamvua ni nini: maji hujaa kupita siku zote. Mambo mawili yakakutana. Watu walikuwa wamelala, na redio ya nchi ile haikuwa ikitangaza usiku wa manane. Matuta yakapasuka hapa na pale. Kulipokucha, vijiji vizima vilikuwa ndani ya maji. Katika Uholanzi walikufa watu 1,836, na katika kisiwa hiki cha Schouwen-Duiveland peke yake walikufa zaidi ya 500. Watu wapatao 72,000 walihamishwa makwao. Na sikilizeni jambo hili: vilima vya mchanga vya upande wa magharibi wa kisiwa vilisimama. Yaliyopasuka ni matuta ya udongo.

Jirani ya mama mdogo ni bibi mmoja aliyekuwa na miaka saba wakati ule. Nilimwamkia kwa heshima, mama mdogo akatutafsiria. Alisema alikaa kwenye dari ya nyumba yao usiku huo na mchana uliofuata, wakisikia ng'ombe wakilia zizini chini yao, kisha wakaacha kulia. Hakusema zaidi ya hapo, wala sikumuuliza. Nilimuuliza tu kama bado hupenda kwenda ufuoni. Akacheka, akasema huenda kila wiki, maana mtu akiwa na jirani kama huyo lazima amjulie hali. Mpaka leo sijasikia jibu la busara kuliko hilo.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Maafa yale hayakuwa ya kushangaza kwa kila mtu. Mhandisi mmoja wa idara ya serikali inayosimamia maji, Johan van Veen, alikuwa ameonya miaka mingi kabla kwamba matuta mengi ni mafupi na dhaifu. Aliandika hata kwa jina la bandia, Dkt. Cassandra, yule wa hadithi za Wayunani aliyetabiri ukweli asisadikiwe. Nchi ilikuwa imetoka vitani, fedha zilikuwa chache, na matuta yaliweza kungoja. Hiyo ndiyo lugha ya kila mahali: itangoja. Maji hayakungoja. Baada ya maafa, serikali iliunda tume mwaka huohuo wa 1953, na katibu wake alikuwa van Veen yuleyule. Tahadhari kabla ya hatari, walimu wetu hutukumbusha kila siku. Wenzetu waliikumbuka baada ya watu 1,836.

Lakini walipoikumbuka hawakuisahau tena, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Ufa wa mwisho, katika kijiji cha Ouwerkerk, ulizibwa mwezi wa Novemba 1953 kwa masanduku makubwa ya saruji. Masanduku hayo yako hadi leo, na ndani yake, tangu mwaka 2001, kuna makumbusho ya mafuriko yale. Halafu wakaanza kuziba midomo ya bahari mmoja baada ya mwingine. Mdomo mkubwa kuliko yote, wa Oosterschelde, ulitakiwa kufungwa kabisa kwa bwawa. Wavuvi wa kome na chaza wakakataa, na watu wanaopenda viumbe wakakataa pia, maana maji ya chumvi yakikosa kuingia na kutoka, kila kilichomo hufa. Walibishana miaka. Mwishowe, katika miaka ya 1970, wakakubaliana kujenga kizuizi chenye milango: nguzo 65 na milango 62 ya chuma, ambayo huwa wazi siku zote na hufungwa tu dhoruba inapotarajiwa kuleta maji ya hatari. Malkia Beatrix alikifungua tarehe 4 Oktoba 1986. Kutoka Westenschouwen unakiona, kimenyooka juu ya maji kama meno ya kitana. Ni kitu kikubwa mno, lakini hakikuua uvuvi, na sili bado wanaota jua kwenye mafungu ya mchanga nyuma yake. Yaani mvuvi alisikilizwa. Hilo ndilo lililonigusa kuliko nguzo zote 65.

Aidha, kazi haikuisha na milango ile. Tangu mwaka 1990 serikali yao imeazimia kuwa ukingo wa pwani usirudi nyuma tena. Bahari ikila mchanga, meli huchota mwingine mbali baharini na kuurudisha pwani, mamilioni ya mita za ujazo kila mwaka. Mwaka 2011, karibu na mji wa The Hague, walimwaga mita za ujazo zipatazo milioni 21.5 mahali pamoja, ili mawimbi na upepo wenyewe viusambaze kidogo kidogo. Na matuta yana wenyewe: bodi za maji, ambazo leo ni 21 nchini kote. Bodi hizi ni za tangu karne za kati, wananchi huzilipia kodi yake, na huwachagua wengi wa wajumbe wake kwa kura. Hebu fikiri, mtu anapiga kura kwa sababu ya tuta! Kwa hiyo ule ufuo mtupu niliouona haukuwa mtupu. Ulikuwa umejaa kazi ya watu ambao siku hiyo hawakuonekana.

Pia ufuo ule ni wa kila mtu. Sheria yao ya kiraia inachukulia kuwa fuo za bahari, hadi chini ya vilima vya mchanga, ni mali ya taifa. Ndiyo maana sikuuona ukuta wa tajiri. Hapa mwenzangu ataniambia, "Hayo ni ya Ulaya." Sivyo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya mahali maji yanapojaa na mahali yanapokupwa ni ardhi ya umma. Sheria tunayo. Tofauti ni kwamba huko mtu akiambiwa kitu ni cha umma, anaelewa kuwa ni chake na hivyo akilinde. Huku kwetu, mara nyingi tukiambiwa kitu ni cha umma, tunaelewa kuwa hakina mwenyewe.

Najua nitapingwa, na upinzani mzuri ni chumvi ya mjadala. Wa kwanza atasema Uholanzi ni tajiri, sisi hatuna fedha za milango ya chuma. Kweli, leo ni tajiri. Lakini mwaka 1953 ilikuwa imetimiza miaka minane tu tangu kutoka vitani, tena kisiwa jirani cha Walcheren kilikuwa kimefurikishwa kwa mabomu mwaka 1944. Isitoshe, kutokanyaga nyasi hakugharimu hata ndururu. Ule waya mwembamba niliouona haukuwa wa bei ghali. Kilichouzuia umma ni nidhamu. Waya ulikumbusha tu.

Wa pili atasema ufuo bila hoteli na biashara ni ufuo bila kazi kwa vijana. Hili nalichukua kwa uzito, maana wengi wetu tunatoka katika nyumba zinazotafuta kazi. Lakini wao hawakuikataa biashara. Pale Scheveningen kuna hoteli na makelele ya kutosha, na Renesse, ambayo haiko mbali na nilipokwenda, hujaa vijana wakati wa kiangazi. Walichofanya ni kukataa kwamba kila mahali pafanane. Baadhi ya vibanda vyao vya chakula ufuoni hujengwa majira ya kuchipua na kubomolewa vuli inapoingia, ili dhoruba ya baridi isikute kitu. Ni biashara inayojua kuwa iko kwa jirani, na jirani mwenyewe ni bahari.

Wala msifikiri nimerudi nikiwaabudu. Meli za Zeeland, kutoka mji wa Middelburg, zilibeba Waafrika utumwani katika karne ya 18, na mfalme wao aliomba radhi kwa utumwa wa nchi yake mwaka 2023 tu. Fuo zao nazo hazikuepuka uchafu: Januari 2019 meli iliyopigwa na dhoruba iliangusha makontena 342 kaskazini mwa nchi, na visiwa vikajaa viatu, vinyago vya watoto na vipande vya plastiki. Ila asubuhi yake watu wa kawaida walitoka na magunia kuokota, na wanajeshi wakaja kusaidia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kuna ngano moja ya Westenschouwen ambayo naona Chama chetu cha Kiswahili kingeipenda. Wanasema zamani mahali pale palikuwa mji wa bandari wenye utajiri na majivuno. Wavuvi wake wakamnasa nguva wavuni, wakampeleka mjini kumfanya kichekesho. Mumewe aliwafuata akiogelea, amebeba mtoto wao, akiwasihi wamrudishe. Wakamcheka. Nguva akafa. Ndipo mume akauapiza mji ule, akachota mchanga na magugu ya bahari akatupa bandarini. Bandari ikajaa mchanga, meli zikakoma, mji ukaisha. Leo Westenschouwen ni kijiji tu. Mbali kidogo, kando ya tuta, umesimama mnara uitwao Plompe Toren, salio la kijiji kingine, Koudekerke, kilicholiwa na bahari kwelikweli. Sisemi nguva alikuwapo. Nasema wazee wa huko, kama wazee wetu, walijua kuwa maafa hayaanzi na maji kujaa. Huanza siku watu wanapoambiwa "tafadhali" wakacheka.

Sasa turudi nyumbani, msomaji. Shule yetu haina bahari. Tuna mteremko nyuma ya maabara, ambapo kila mvua kubwa inashusha udongo mwekundu hadi mlangoni mwa bwalo. Mwaka juzi palikuwa na nyasi pale. Leo pana njia ya mkato, kwa sababu kuzunguka kunachukua dakika mbili na sisi ni watu wa haraka, ati. Kila mmoja anasema mguu wangu mmoja hauwezi kuua nyasi. Tuko mamia, na kila mmoja ana miguu miwili. Fanyeni hesabu wenyewe. Halafu mtaro ukiziba tunanung'unika kwamba mwalimu wa zamu hafanyi kazi yake, na mwalimu naye anangoja ofisi, na ofisi inangoja bajeti. Itangoja, itangoja. Mnakumbuka nilikotoa neno hilo.

Napendekeza mambo matatu, na nayaandika hapa ili mwaka ujao mtu aweze kuniuliza yameishia wapi. Kwanza, njia ile ya mkato ifungwe kwa kamba tu, si kwa seng'enge, ili tujue kama tuna nidhamu au tunaogopa miiba. Pili, kila kidato kipewe sehemu yake ya mteremko kupanda nyasi kabla ya mvua za vuli, na viranja wa sehemu hiyo wachaguliwe kwa kura kama bodi za maji. Tatu, tukubaliane kwamba kitu cha shule ni cha kwetu, si cha hakuna. Walimu wetu wapendwa, nanyi tunawaomba mpite njia ndefu pamoja nasi, kwani mtoto hufuata kisogo cha mlezi.

Waliosema sikuona kitu Uholanzi, jibu langu ndilo hilo. Niliona mchanga, maji, upepo, na waya mwembamba ambao hakuna aliyeuruka.